Mzee wa Maabara na Habari za Mama

Kwa miaka yote niliyomfahamu, Mzee wa Maabara hakuwahi kuniuliza habari za baba yangu. Baba alikuwa hai na mzima, ana shamba lake la mpunga Idete, anajulikana mpaka ng'ambo ya mto, lakini kwa mzee yule ilikuwa kana kwamba mimi nimezaliwa na mama peke yake. Aliponikuta sokoni Ifakara, au nje ya kanisa, au kwenye mashine ya kukoboa mpunga nilikokuwa nafanya kazi, nilimwamkia, akaitikia, halafu papo hapo akauliza, "Mama anasikia?"

Sikulipenda swali hilo hata kidogo. Mama alikuwa hasikii, na mzee alilijua hilo vizuri, kwa kuwa ndiye aliyempima mkojo kila mwezi pale hospitali. Mama alianza kupoteza masikio kabla hajafika miaka arobaini, na baada ya masikio ikaja sukari. Bibi mzaa mama alipita njia hiyohiyo mpaka kaburini. Mjomba, mdogo wake mama, miguu ilimwisha nguvu akiwa bado kijana, akawa anapanda kilima kwa kujivuta. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina mchumba aitwaye Yustina, na moyoni nilikuwa nimekwisha kata shauri kwamba sitaoa, maana sikutaka kuleta duniani watoto wa kuzibika masikio na kuhesabu vijiko vya ugali. Yustina sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nasogeza siku mbele tu, leo mvua, kesho mavuno, na yeye alikuwa ameanza kunitazama kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo mtu akiniuliza habari za mama, ni kama amenigusa kidonda. Lakini mzee yule huwezi kumkasirikia kwa muda mrefu. Nilijaribu, nikashindwa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti lake jeupe lilijaa madoa ya bluu ya dawa ya kupimia sukari. Watoto walimwita Mzee wa Mkojo wakidhani hasikii, naye alikuwa anageuka na kuwaitikia kwa adabu zote. Kazi yake aliifanya dirishani, mbele ya foleni nzima. Anamimina dawa ya bluu kwenye kichupa cha kioo, anadondosha matone ya mkojo, anashika kichupa kwa kibanio na kukichemsha juu ya moto wa taa ya spiriti, na spiriti ikiisha anawasha koroboi. Kama hakuna sukari, bluu inabaki bluu. Kama ipo, rangi inageuka, na rangi zile alizipa majina ya shambani ili kila mtu aelewe. Kijani aliita mpunga mchanga. Njano aliita mpunga uliokomaa. Ikifika nyekundu iliyoiva sana alisema neno moja tu, "Tofali," na mwenye mkojo alijua kwamba siku hiyo harudi nyumbani.

Majina hayo yalitoka nje ya hospitali. Ungewasikia akina mama sokoni wakijisifu, "Mimi leo nimetoka mpunga mchanga!" na mgeni wa mji angedhani wanazungumza bei ya mazao.

Sisimizi aliwaita wafanyakazi wenzake. Wazee wa bonde walijua zamani kwamba mkojo ukifuatwa na sisimizi mtu huyo ana sukari, na yeye hakuwadharau. "Wale hawahitaji spiriti wala mshahara," alisema, "na hawajawahi kukosea." Ila wagonjwa waliomletea mkojo kwenye chupa za kila aina walimpa taabu. Bwana mmoja alileta wake kwenye chupa ya gongo ambayo hakuisafisha, ameifunga kwa gunzi la muhindi. Mzee alinusa, akanusa tena, akamwita dirishani. "Ndugu yangu, hapa nipime sukari au nikuitie polisi?" Foleni ilicheka mpaka mgonjwa mwenyewe akakaa chini. Kesho yake alirudi na chupa iliyooshwa, na tangu siku hiyo hakukosa kliniki hata moja.

Sasa, mzee huyuhuyu aliyewanyima watu soda na asali alikuwa anakunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari. Vinne, tena vya kujaa. Nilipomuuliza kama haoni aibu alisema anailinda sukari isiingie kwa wagonjwa. Na aliyetoboa vidole vya bonde zima aliogopa sindano kuliko mtoto wa chekechea. Siku ya chanjo ya wafanyakazi ilikuwa kawaida kumkuta amejificha stoo nyuma ya magunia ya pamba, na manesi wawili walimtoa huko huku akiwaeleza kwamba alikuwa anahesabu akiba. Kwenye kwaya aliimba besi, na besi yake ilikuwa mahali pake peke yake, mbali na wenzake. Lakini mama yangu alipoanza sindano za sukari na sisi hatuna friji wala umeme, ni yeye aliyekuja mpaka Idete kwa baiskeli, akachimbia mtungi wa maji kivulini na kutuonyesha jinsi ya kuitunza dawa ndani yake ikae baridi. Alikataa hata pesa ya chai ya njiani.

Na mama alimpenda, ingawa walipokutana walikuwa wanagombana. Yeye alizungumza kwa kupiga kelele ili mama asikie. Mama alimkemea, "Usinipigie kelele, mimi si kiziwi! Ni kwinini tu hii."

Hapo ndipo penye kosa letu sote. Bondeni kwetu hakuna mtu mzima ambaye hajatundikiwa dripu ya kwinini, dawa ya malaria, angalau mara moja, na aliyetundikiwa anajua jinsi masikio yanavyovuma kama yameingiwa na nyuki. Kwa hiyo mtu akizibika masikio hakuna anayeumiza kichwa. Ni kwinini. Bibi ni kwinini, mama ni kwinini, mama mdogo wa jirani ni kwinini. Mzee mwenyewe aliliandika neno hilo kwenye daftari lake miaka na miaka. Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, ameandika kila mgonjwa wa sukari, na pembeni ya wengine ameandika masikio, kwinini, masikio, kwinini. Aliniambia baadaye kwamba siku moja alikaa akalisoma daftari lote tangu mwanzo, na ndipo akashtuka. Wanaume waliokunywa kwinini walikuwa wengi kama wanawake. Ila waliozibika masikio kisha wakapata sukari, karibu wote walikuwa na mama aliyezibika masikio. Alichukua rula akaikata kwinini kila ilipoandikwa, ukurasa kwa ukurasa. Kuanzia siku hiyo akaanza kuuliza kila mgonjwa jina la mama yake, na jina la mama wa mama yake.

Kwa watu wa kwetu hilo ni balaa. Anayekuuliza jina la mama yako ni nani? Ni mganga wa kienyeji, tena yule anayetaka kukuloga, kwa sababu dawa haimpati mtu mpaka litajwe jina la mama aliyemzaa. Hata mlevi wa mwisho pale stesheni anajua kwamba jina la mama halitolewi dirishani mbele ya watu. Ghafla bonde zima likawa na mama aitwaye Maria. Mpogoro mama yake Maria, Mndamba mama yake Maria, na mzee mmoja Mwislamu, baada ya kufikiri kidogo, naye akasema Maria. Wengine waliacha kuja kliniki kabisa. Paroko alipelekewa malalamiko. Mzee alifurahi na kuumia kwa pamoja. Alicheka akinisimulia, lakini ukitazama daftari ungeona karatasi zimechanika kwa kufutwafutwa.

Aliyemjibu bila wasiwasi alikuwa mfugaji mmoja wa Kisukuma, mzee aliyehamia bondeni na ng'ombe wake. Alipoulizwa alitaja mama, bibi, na mama wa bibi, bila kupumua. Mzee wa Maabara akamuuliza haogopi?

"Niogope nini, bhabha? Hata ng'ombe wangu nawahesabu hivyohivyo. Ng'ombe unamjua kwa mama yake. Dume linapita tu."

Mzee alilirudia neno hilo kwa wiki nzima, kwa kila mtu, mpaka manesi wakamwomba apumzike.

Basi katika daftari lake kulikuwa na familia mbili alizozipenda zaidi kuliko nyingine, akizifuatilia kama mtu anavyofuata mechi. Moja ilikuwa yetu ya Idete. Nyingine ilikuwa ya mwanamke mmoja wa Masagati, ambaye alikuwa anatembea mpaka Mlimba na kupanda treni kuja Ifakara kila baada ya miezi mitatu. Zilikuwa zimefanana mno: masikio, sukari, na ndugu mwenye miguu isiyo na nguvu. Jambo lililomkera ni kwamba hazikuwa na uhusiano wowote. Mama yangu alikuwa amemwapia kwamba mama yake aliitwa Maria na hakuzaa mtoto mwingine wa kike. Yule wa Masagati alitoa jina jingine kabisa.

Siku moja ya kliniki nilimpeleka mama. Mama huyo wa Masagati naye akashuka kwenye treni siku hiyohiyo kwa sababu alikosa kliniki ya wiki iliyotangulia. Mzee yuko dirishani, ameshika kichupa juu ya moto, anainua macho, anaona mbele yake wanawake wawili wanalia na kukumbatiana na kupigiana kelele, kila mmoja hasikii mwenzake anasema nini. Ni mama na dada yake. Mama mkubwa wangu, tumbo moja, ambaye tangu aolewe kule milimani tulionana naye kwenye misiba tu.

Kichupa kilipasuka mkononi mwake. "Familia zangu!" alipiga kelele. "Familia zangu zinakumbatiana!" Alitoka nje na koti lake, akasimama mbele ya mama, na kwa kuwa mama hasikii ilibidi amlaumu kwa sauti ambayo hospitali nzima iliisikia. "Ulisema bibi anaitwa Maria!"

"Nilikudanganya!" mama akajibu, naye kwa sauti. "Wewe ungekuwa mimi ungesema?"

Mzee alikung'uta vioo vya kichupa kwenye koti lake. "Hapana," alisema. "Ningesema Maria."

Wakati huo alikuwepo daktari mgeni kutoka Ulaya, aliyekuja kwa mambo ya malaria. Mzee alimbebea daftari lake chini ya kwapa. Daktari akalisoma, akauliza maswali, akaenda kutafuta jarida moja katika masanduku yake, na kesho yake akachukua damu ya mama na ya mama mkubwa, akaondoka nayo alipokwenda likizo. Tukasahau. Yaani wengine walisahau. Mzee alikuwa anapita posta kila siku, na karani wa posta alikuwa akimwona tu anatikisa kichwa kabla hajaulizwa.

Barua ilifika karibu na mavuno. Najua kwa sababu mashine ilikuwa inanguruma na mimi nimejaa pumba mpaka kwenye kope. Mzee alikuja na baiskeli, akaitupa chini, akaniashiria nizime. Nikazima. Felista, mdogo wangu anayenifuata, alikuwa ameniletea chakula cha mchana, amesimama na bakuli.

"Kaa," mzee akaniambia. "Hii mashine ikikoboa vibaya, nini kinatokea?"

"Chenga nyingi, mchele kidogo. Wateja wananuna."

"Sawa. Sasa ndani ya mwili wako kuna mashine kama hii, ndogo hazionekani, maelfu kwa maelfu, ziko ndani ya kila chembe hai. Zinaitwa mitokondria. Chakula chote unachokula, zenyewe ndizo zinakigeuza kuwa nguvu. Na mashine hizi zina jeni zao zenyewe, mbali na zile nyingine ulizochanganyiwa na baba na mama. Kwa mama yako, kuna herufi moja imebadilika katika jeni hizo. Moja! Basi baadhi ya mashine zake zinakoboa vibaya. Na sehemu za mwili zinazokula nguvu nyingi ndizo zinazonuna kwanza. Masikio. Kongosho linalotengeneza dawa ya sukari. Misuli, ndiyo hiyo miguu ya mjomba wako. Wengine macho, wengine moyo."

"Sasa mbona mwingine anaumwa na ndugu yake haumwi?"

"Kwa sababu kila mtoto anapewa mchanganyiko, mbovu na nzima. Mwingine anaangukia mbovu nyingi, mwingine chache. Hakuna anayepanga." Akanishika bega. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Lakini sikia lililonileta. Mashine hizo mtoto anazirithi kwenye yai la mama. Za baba haziingii. Umesikia? Haziingii! Hata wewe kama unazo mbovu, zinaishia kwako. Watoto wako watachukua za Yustina. Nenda kaoe, mwanangu!"

Sijui niseme nini juu ya furaha niliyoipata. Nilimkumbatia mzee na pumba zangu zote. Nililia, sina aibu kusema nililia, nikacheka, nikaita wateja waliokuwa wanasubiri nikawaambia leo nakoboa debe la kwanza bure. Mzee alikuwa anapiga makofi kama yuko harusini.

Kisha nikaona makofi yamesimama. Alikuwa anamtazama Felista.

Felista alikuwa bado ameshika bakuli. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alimaliza darasa la saba akiwa wa kwanza, kwa hiyo hakuhitaji kufafanuliwa upande wa pili wa habari ile, ule wa mabinti. Aliweka bakuli juu ya gunia, akalifunika vizuri, akasema, "Kitapoa, kaka," akaondoka. Mzee aliokota baiskeli yake na kuisukuma mpaka barabarani bila kuipanda. Mimi nilikula kile chakula chote, na sikusikia ladha yake.

Nilioa mwaka uleule. Mzee aliimba besi yake kanisani. Lakini tangu siku ile ya mashine alipomwona Felista njiani alikata kona, mtu mzima na mvi zake, akajifanya anakagua tairi. Kwa mara ya kwanza aliacha kuniuliza habari za mama. Nami Felista sikumgusia, kwa sababu ningeanzia wapi? Mimi nilipewa yangu mbele yake kama zawadi. Alipoolewa na fundi cherehani wa pale Ifakara nilicheza ngoma usiku kucha, na katikati ya kucheza nilikuwa naogopa.

Mzee alistaafu akarudi kwao Mlimba. Mwaka tisini na tisa, mvua zilipokatika, Felista aliniambia, "Kaka, nisindikize kwa Mzee wa Maabara." Nikamuuliza kuna nini. Akasema nitasikia hukohuko. Kwenye treni alikula karanga na kuangalia mito inayopita chini ya madaraja, na mimi nilikuwa nahesabu stesheni.

Tulimkuta uani, anatengeneza mlango wa banda la kuku. Alikuwa amepungua, shati linamning'inia. Alipomwona Felista aliangusha nyundo. Tukamwamkia, akaitikia kwa sauti ndogo, akatukaribisha kwenye viti, akamwita mkewe alete chai. Kisha akaanza mwenyewe, hajaulizwa.

"Mwanangu, mimi nilikukosea. Habari ile ilikuwa ya nyumba nzima, mimi nikaipeleka kama ya mtu mmoja. Nilifurahi kwa sababu daftari langu limejibiwa. Sikuangalia nani amesimama pale. Miaka miwili nimetafuta maneno ya kukuambia na sijayapata. Nisamehe."

Sikuwahi kumsikia mzee wa makamo yake akimwomba msamaha binti. Felista naye nadhani hakuwahi. Alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua.

"Mzee, mimi sikuja kwa ajili hiyo," alisema. "Nilielewa siku ileile. Mume wangu nilimwambia kabla hajaleta posa, nikamwambia aende akafikiri. Alikwenda siku tatu, akarudi." Akaweka mkono tumboni. "Huyu ana miezi mitano. Nimekuja uniambie aanze kupimwa lini, na tumpime nini. Mama alijulikana amechelewa. Huyu sitaki achelewe."

Mzee alikuwa ameshika mikono ya kiti. Akaanza kujibu polepole, kama anasoma kwenye karatasi. Kwanza yeye mwenyewe Felista apimwe, kila mwezi, maana mimba huamsha sukari iliyolala. Mtoto, akianza kunywa maji sana au kukonda, asingoje. La sivyo kuanzia miaka kumi apimwe kila mwaka, na masikio nayo yapimwe, na daktari yeyote atakayemtibu aambiwe habari za mama yake na bibi yake, zote, bila kuficha. Inawezekana asiugue maisha yake yote. Inawezekana augue. Hakuna anayejua, alisema, na yeye hatamdanganya.

"Basi," Felista akasema. "Nilitaka kujua hivyo tu."

Nilidhani mzee atacheka, au atatania kama zamani. Alisimama. Alifunga vifungo vya shati lake mpaka cha juu, akasogea mbele ya kiti cha mdogo wangu, binti wa miaka ishirini na moja, akainamisha kichwa chake cheupe.

"Shikamoo, mama," alisema.

Felista alishtuka, akanigeukia mimi nimwokoe. Nami nikasimama. Mke wa mzee alisimama mlangoni na sinia la chai, hathubutu kusogea. Mzee hakuinua kichwa. Alikuwa anangoja aitikiwe.

"Marahaba," Felista akasema.